Harrier cc 3000: sensa ya kugonga iko chini ya manifodi, imebadilishwa mara mbili na taa bado inawaka

Msafiri_wa_Kitonga

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na V6 za Toyota, hasa injini ya 1MZ.

Nina Harrier ya zamani, chasisi MCU15, ya mwaka 2000. Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda Iringa. Mpaka Chalinze gari safi kabisa. Kutoka hapo taa ya injini ikawaka, na gari ikaanza tabia sijawahi kuiona: gia ya nne haiingii. Niko 100, mshale wa mzunguko umepita 3000 na haushuki hata niachie mafuta kidogo. Mlima Kitonga nilipanda, lakini kwa kulalama kama punda aliyezidishiwa mzigo. Mafuta ndiyo usiseme.

Niliporudi Dar fundi wa kwanza akaniambia giaboksi imekufa, akanitajia bei ya giaboksi ya mtumba. Nikamuaga. Fundi wa pili akachomeka mashine, ikasoma kodi, yaani namba ya kosa, P0325. Akasema ni noki sensa, hii sensa inayosikiliza injini ikigonga, na kwamba imekaa chini ya manifodi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), katikati ya V, kati ya safu mbili za silinda, mahali ambapo mkono haufiki. Akafungua siku nzima, akaweka sensa ya mtumba, akafuta kodi, taa ikazimika. Nimefika Ubungo, imewaka. Nikarudi. Akafungua tena, akaweka nyingine. Safari hii nilifika Kibaha.

Sasa anasema tusihangaike tena na kule chini, tuifunge sensa nje ya bloku mahali panapofikika, tuvute waya, basi. Sina utaalamu, lakini roho inasita. Kuna aliyewahi kupitia hili? Natanguliza shukrani.

KijanaWaKluger

Pole sana ndugu yangu. Hiyo nimeionja mimi, Mombasa, na Kluger ya 3.0. Injini ni hiyo hiyo. Kukosa gia ya nne si giaboksi. Kompyuta ikikosa kuisikia noki sensa inajihami: inarudisha nyuma muda wa cheche kwa plagi zote na inakunyima ovadraivu, yaani hiyo gia ya nne, ili usije ukaipakia injini mzigo ikiwa haina masikio. Aliyekuambia giaboksi angekuuzia, na ungefunga, na gia ya nne isingerudi.

Kwangu alikuwa panya. Alikuwa amejijengea nyumba mle kwenye bonde la V, kuna joto zuri, akatafuna waya.

Bwana_Hasara

Uza hiyo, nunua IST. Ushauri wangu umeishia hapo.

Msafiri_wa_Kitonga

@Bwana_Hasara nina watoto wanne na mama mkwe 😂

@KijanaWaKluger asante. Panya sidhani, ila waya sikuwahi kuufikiria. Fundi hakuutaja kabisa.

MzeeWaSpana

Vijana habari zenu. Nimefungua hizi 1MZ nyingi, za Harrier, za Windom, za Estima, za Alphard. Ngoja nieleze taratibu, kwa sababu naona pesa ya kijana huyu inapotea kwa kukosa jambo moja dogo.

Kwanza elewa sensa yenyewe. Ndani yake kuna kijiwe ambacho kikitikiswa kinatoa umeme kidogo. Mafuta na hewa vikilipuka vyenyewe kabla moto wa plagi haujavifikia, pigo lile linaifanya bloku ilie kwa mlio wake maalumu, mwembamba, kama mitetemo 7000 kwa sekunde. Sensa imetengenezwa iitikie mlio huo na isijali kelele nyingine. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche kidogo, mgongano unakoma, kisha inarudisha polepole. Kazi hiyo inafanyika muda wote unapoendesha, wewe hujui.

Injini yako ina sensa mbili, moja kwa kila benki, yaani kila safu ya silinda tatu. P0325 ni benki ya kwanza, ya nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria: silinda 1, 3 na 5. P0330 ni benki ya mbele, upande wa rejeta. Fundi wako alibadilisha ipi? Maana wengi wakifika kule chini wanabadilisha ile iliyo karibu na mkono.

Halafu hili ndilo kubwa. Sensa hii ina waya mmoja tu. Hasi yake inaipata kwenye mwili wa injini kupitia nyuzi za bolti yake. Ukizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, au ukipaka silikoni, umekata hasi, na juu ya hayo umeweka godoro kati ya sensa na bloku. Nimekuta tepu kwenye sensa za watu mara nyingi sana. Mtu anaona kitu cha kusokota kwenye bloku, anadhani ni swichi ya oili, anaogopa itavuja. Nyuma yake hakuna oili wala maji, kwa hiyo hakuna cha kuvuja.

Kuhusu kuihamishia nje: kuna wanaofanya, na taa inazimika. Kuna pia wanaochukua waya wa sensa moja iliyo nzima wakaugawa uende pande zote mbili, na taa inazimika vilevile. Lakini taa kuzimika si kupona. Waliochora injini waliiweka pale katikati kwa sababu ndipo inaposikia silinda tatu za benki yake kwa usawa. Ukiibandika ubavuni itasikia mwenyeji mwingine, pengine pampu, pengine tapeti. Huo ni kumziba mlinzi masikio kisha kumsifu kwamba siku hizi hapigi kelele.

Kabla hujafungua chochote, fanya jaribio la kubadilishana. Waya za sensa zote mbili zinatoka bondeni pamoja na kukutana na wayaringi kuu kwenye konekta ambayo unaifikia bila kung'oa manifodi. Badilisha njia: wa kwanza uende kwa wa pili, wa pili uende kwa wa kwanza. Futa kodi, endesha. Ikija P0330 badala ya P0325, ubovu umehama pamoja na sensa, kwa hiyo uko kule chini, ni sensa au kiwaya chake kifupi. Ikibaki P0325 ile ile, sensa yako haina kosa, tafuta kwenye wayaringi kuu au kompyuta. Dakika ishirini, bila kununua kitu.

Na uendeshe kweli. Kodi hii haiji gari likiwa limesimama linaunguruma saileni, bila kukanyagiwa mafuta. Inahitaji mzunguko upande. Ndiyo maana fundi anakukabidhi gari taa imezima na wewe unaiona Ubungo.

DadaWaUsaRiver

Shikamoo mzee. Hilo la tepu limenishtua. Alphard yangu ya 3.0 ilifanyiwa kazi hiyo mwaka jana hapa Arusha na niliona kabisa fundi akizungusha tepu, nikamsifu moyoni kwamba ni mtu makini 🙈

MzeeWaSpana

Marahaba mwanangu. Taa ikiwaka utajua pa kuanzia.

Msafiri_wa_Kitonga

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Nimefanya jaribio leo jioni na kijana mmoja wa jirani anayejua umeme wa magari. Tumebadilisha njia, nimeendesha Kimara mpaka Kibamba na kurudi. Imekuja P0330. Kwa hiyo ubovu uko chini.

Nimeamua Jumamosi nifungue mwenyewe nyumbani na huyo kijana. Fundi wangu nimempigia simu kwa heshima, nikamuuliza kama aliweka tepu. Akasema "ndiyo, nilifunga vizuri sana."

KijanaWaKluger

😂😂😂 "Vizuri sana."

Ndugu, ukifungua agiza kabisa kile kiwaya kifupi cha sensa mbili, kinauzwa peke yake. Usithubutu kufungua bila kuwa nacho mkononi. Hupikwa na joto miaka yote hiyo, plastiki ya konekta inakuwa kama biskuti. Utaigusa itavunjika, na utakuwa umefungua injini Jumamosi jioni maduka yamefungwa.

Na usiweke sensa ya mtumba. Ilitoka kwenye injini yenye umri kama wa yako, imepikwa vilevile. Weka mpya, zote mbili hata kama moja ni nzima. Gharama kubwa hapa ni kufika pale.

Bwana_Hasara

Sensa mbili, waya, gasketi, kulanti. IST inakaribia.

MzeeWaSpana

Kijana akifungua na aweke plagi tatu za nyuma. Manifodi ya juu ikiwa imetoka, plagi zile unaziona kama umefungua droo. Ikiwa imerudi, utazitafuta kwa kupapasa. Gasketi ya kava la valvu la nyuma nayo aikague, huvuja oili hizi.

Akumbuke haya: atoe betri. Amwage maji ya rejeta injini ikiwa ya baridi, siyo vuguvugu, baridi. Lakini kabla ya hayo yote apunguze presha ya mafuta kwa kuchomoa relei ya pampu na kuiacha injini ijizime yenyewe, maana reli ya nozeli (bomba linalogawa mafuta kwa silinda) lazima ilegezwe. Mipira ya nozeli iwe mipya, na ipakwe oili kidogo isije ikakunjika wakati wa kuingia. Mipira ya hewa apige picha kwa simu na kuibandikia namba.

Steyi mbili (vyuma vya kushikilia) za manifodi ya juu ziko nyuma, upande wa ukuta. Hutaziona. Tumia kioo kidogo, au mkono wa kijana mwembamba. Hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa wakaziacha bila bolti wakati wa kurudisha.

Msafiri_wa_Kitonga

Jumamosi, saa 2 asubuhi. Tumeanza. Nitawapa mrejesho.

Msafiri_wa_Kitonga

Saa 7 mchana. Manifodi ya juu imetoka. Mzee ulisema kweli kuhusu steyi: moja ilikuwa haina bolti kabisa. Ya pili ilikuwa na bolti moja, imeshika nyuzi mbili tu. Saa nzima imeishia hapo.

Msafiri_wa_Kitonga

Saa 9. Manifodi ya chini imetoka. Naandika nikiwa nimekaa chini ya mwembe, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Wakuu, bonde la V lina mchanga, majani makavu, kipande cha konekta, na nati moja ambayo haifanani na nati yoyote niliyofungua leo. Sensa ya nyuma ina tepu nyeupe, mizunguko si chini ya minne. Lakini hata bila tepu isingefanya kazi: kiwaya chake kimepasuka ganda karibu na konekta. Ile waya ya wavu inayozunguka kuzuia kelele za umeme imekatika na inagusa waya wa kati. Kwa hiyo sensa ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, zote zingesoma mbovu. Nahisi hata sensa yangu ya awali ilikuwa nzima, na sijui iko wapi sasa.

KijanaWaKluger

Iko kwenye gari la mtu mwingine, na yeye anaandika uzi kama wako.

MzeeWaSpana

Usifute bonde kabla hujaziba milango sita ya hewa kwenye silinda hedi. Mchanga ule ukiingia humo umenunua injini. Ziba kwa vitambaa vikubwa vyenye mkia unaoning'inia nje, usitumie vipande vidogo. Na uvihesabu. Kisha vuta uchafu kwa mashine ya kunyonya vumbi, usipulize kwa upepo.

Sensa: tundu liwe safi na kavu, nyuzi tupu, bila grisi, bila gundi. Ianze kwa vidole mpaka ikae, ikigoma irudishe nyuma uanze upya, bloku hii ni alumini na nyuzi zake zikiharibika hakuna wa kukusaidia. Soketi iwe ndefu ya kuimeza sensa nzima, isibonyeze kichwa cha plastiki. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 39. Hiyo ni sawa na kilo 4 kwenye mkono wa mita moja. Ikilegea haisikii, ikizidi kukazwa kijiwe cha ndani kinabanwa na kinapasuka. Sensa hii haitaki kukadiriwa kwa mkono, hata mkono wangu.

DadaWaUsaRiver

Mzee samahani, na asiyekuwa na spana ya toki?

MzeeWaSpana

Aazime. Gereji za injini wanazo. Hata kwa soda watakuazima.

Msafiri_wa_Kitonga

Jumapili, saa 4 usiku. Samahani kwa kupotea, jana giza lilituwahi.

Asubuhi tumemalizia kusafisha. Sensa zote mbili mpya, kiwaya kipya, plagi tatu za nyuma. Kijana akapitisha kiwaya pale pale kilipopita cha zamani, chini ya bomba la maji, tukakifunga mbali na chuma. Tulijaribu kupima sensa kwa mita kabla ya kufunga: kati ya ncha na mwili hakuna umeme unaopita, ndivyo inavyotakiwa. Ile ya mtumba tuliyoitoa, mshale uliruka. Kumbe hata yenyewe ilikuwa imekufa. Yaani tepu, waya na sensa, vyote vitatu kwa pamoja.

Sasa sikilizeni hili. Jana nilichana kanga ya zamani ya mke wangu vipande sita. Mzee alisema vikubwa vyenye mkia, mimi kitambaa kiliniishia, cha sita kikawa kidogo. Leo tunataka kushusha manifodi, nikasema ngoja nihesabu. Vitano. Nikahesabu tena. Vitano. Tukatafuta chini, kwenye ndoo ya maji ya rejeta, mfukoni mwa kijana. Hamna. Jasho lilinitoka la baridi. Nikamulika kwa tochi mlango wa silinda ya 5, ule wa pembeni kabisa ukutani, nikaona herufi mbili za jina la kanga zinanitazama. Kilikuwa kimeteleza mpaka kwenye valvu. Bahati valvu ilikuwa imefunga. Tulikivuta kwa koleo refu, uzi kwa uzi.

Baada ya hapo gasketi mpya, bolti za manifodi ya chini kwa Nm 15 tukianzia katikati kwenda pembeni kwa zamu, manifodi ya juu, steyi zote mbili zina bolti zote. Tukajaza kulanti, tukawasha swichi mara tatu bila kupiga stata ili mafuta yajae kwenye reli, tukakagua kama kuna kinachovuja. Kavu. Ikawaka kwa mara ya pili, ikatetemeka kidogo, ikatulia.

Kesho nakwenda nayo Morogoro.

Bwana_Hasara

Nitasubiri mrejesho wa Kibaha.

Msafiri_wa_Kitonga

Kibaha imepita.

Chalinze imepita.

Niko Morogoro, nakunywa chai. Baada ya Mlandizi nilifika 80, nikasikia kile kimshtuko kidogo cha gia ya nne, mshale ukashuka kama mtu aliyetua mzigo. Taa haijawaka. Sijafuta kodi yoyote, mashine nimeichomeka hapa hapa stendi: hakuna kitu.

Mzee, sijui nikulipe nini.

MzeeWaSpana

Nilipe kwa kukagua maji ya rejeta kesho asubuhi injini ikiwa imepoa, maana lazima kuna hewa ilibaki na yatakuwa yameshuka. Na uniambie ile nati ya ziada uliyoikuta bondeni ni saizi gani.

Msafiri_wa_Kitonga

Kumi. Ninayo hapa kwenye kikombe.

MzeeWaSpana

Angalia kifuniko cha plastiki cha juu ya injini, kona ya kushoto ukiwa umesimama mbele ya gari. Kinacheza?

Msafiri_wa_Kitonga

...Kinacheza mzee. Tangu nilinunue hili gari kinacheza.

DadaWaUsaRiver

Msafiri, samahani kaka. Taa yangu imewaka leo nikitoka Moshi. Hiyo soketi ndefu unaweza kuituma kwa basi?

Msafiri_wa_Kitonga

Nitaituma Jumatano dada. Naiweka pamoja na vipande vitano vya kanga. Cha sita mke wangu amekataa, anasema anakitundika ukutani.